Mpira wa Mkojo na Mgeni wa Siku ya Tatu

Ingia katika wodi ya wanaume ya hospitali yoyote kubwa alfajiri, wakati wauguzi wa usiku wanajiandaa kukabidhi zamu, kisha uinamishe macho chini ya vitanda. Utaiona mifuko ya mkojo ikining'inia: mmoja umejaa pomoni, mwingine una vidole viwili tu vya mkojo mzito kama chai ya rangi, wa tatu umelala sakafuni karibu na ndala za mgonjwa. Sasa mwulize muuguzi anayekabidhi kila mfuko upo pale kwa sababu gani. Kwa baadhi ya vitanda atajibu bila kusita: huyu amefanyiwa upasuaji wa tezi dume jana, yule mkojo ulimfunga tukamwekea mpira usiku. Kwa vitanda vingine atakujibu, "Tulimkuta nao."

Ni jibu hilo, "tulimkuta nao," lililonisukuma kuandika makala haya. Nimefanya kazi ya uuguzi wodini kwa miaka mingi kabla ya kuwa mkufunzi, na jibu hilo nimelitoa mimi mwenyewe mara nisizoweza kuzihesabu. Leo msimamo wangu ni huu: kinga kubwa kuliko zote dhidi ya maambukizi yatokanayo na mpira wa mkojo ni kuutoa mpira siku ile ile ambayo kazi yake imekwisha. Na mtu anayestahili kupewa mamlaka ya kuutoa, kisha aulizwe usipotoka, ni muuguzi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuwa wakizungumzia hospitali, lakini hesabu yao inalingana na ya wataalamu wa udhibiti wa maambukizi, ambao huyahusisha maambukizi ya njia ya mkojo na mpira pale mpira unapokuwa umekaa mwilini zaidi ya siku mbili. Siku ya tatu ndiyo siku ya kumwuliza mgeni huyu analima nini hapa.

Kwa msomaji ambaye si mhudumu wa afya, nimweleze kwanza mgeni mwenyewe. Mpira wa mkojo, ambao kitaalamu huitwa katheta, ni mrija laini unaopitishwa katika njia ya mkojo hadi ndani ya kibofu. Karibu na ncha yake kuna puto dogo linalojazwa maji yaliyotakaswa ili mrija usichomoke. Muundo huu ni wa Frederic Foley, daktari wa Marekani, wa miaka ya 1930. Wodini tunalitaja jina lake kila siku, na wanafunzi wangu wengi hushangaa kusikia kwamba lilikuwa jina la mtu.

Mwili wenye afya una namna yake ya kujisafisha. Mkojo unapotoka kwa kasi huondoka na vijidudu vilivyokuwa vikijaribu kupanda, na kibofu hubaki kitupu. Mpira huuvuruga utaratibu huo. Njia hubaki wazi usiku na mchana, na kwa kuwa matundu ya mpira yako juu ya puto, mkojo kidogo hubaki chini ya kibofu ukituama kama maji ya dimbwi. Bakteria wakiufikia mpira hujishikiza na kujijengea utando mtelezi, unaofanana na ule unaouhisi kwa vidole ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa kwa muda mrefu. Suuza ndoo hiyo mara kumi, utando haubanduki. Ndivyo ilivyo kwa mpira: antibiotiki huwaua bakteria wanaoelea katika mkojo, wale waliojifunika utando husalia, na dawa ikikatizwa huanza upya. Aina fulani ya bakteria, Proteus, huenda mbali zaidi. Huubadili mkojo hadi chumvi zikagandamana na kuuziba mpira kama bomba la maji ya chumvi linavyoziba.

Vijidudu hivyo aghalabu hutoka katika utumbo wa mgonjwa mwenyewe, na vingine hutoka mikononi mwetu. Hupanda kwa njia mbili: nje ya mrija, kutoka kwenye ngozi, na ndani ya mrija, kutoka kwenye mfuko au kwenye maungio yanapofunguliwa. Zamani mpira ulimwaga mkojo katika chupa iliyo wazi sakafuni, na baada ya siku nne hivi karibu kila mgonjwa alikuwa na bakteria kibofuni. Mwaka 1966 Calvin Kunin na mwenzake walichapisha nchini Marekani matokeo ya kutumia mfumo uliofungwa, yaani mpira, mrija na mfuko vilivyounganishwa bila kuachanishwa, na maambukizi yakapungua sana. Mfuko tunaoutumia leo ni mrithi wa kazi ile.

Hata hivyo, kuufunga mfumo kulichelewesha tatizo tu. Kwa kila siku moja ambayo mpira unabaki mwilini, wagonjwa 3 hadi 7 kati ya 100 huingia katika kundi la wenye bakteria katika mkojo, na mpira ukifikisha mwezi karibu wote wanao. Si wote watakaougua. Lakini kutoka miongoni mwao ndipo wanapopatikana wenye homa, wenye figo zilizoshambuliwa, na wale ambao vijidudu vimeingia katika damu. Muuguzi anaweza kunawa mikono kwa uangalifu wote wa chumba cha upasuaji. Akiuacha mpira usio na kazi, siku zitamshinda.

Nitamweleza msomaji habari ya mzee mmoja, katika hospitali nisiyoitaja, miaka iliyopita. Aliletwa Ijumaa jioni na mwanawe baada ya kupatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umepooza, maneno yalikuwa yanatoka kwa shida, na nguo zilikuwa zimelowa mkojo. Mapokezi wakamwekea mpira. Hakuna aliyekosea hapo kwa makusudi. Mzee alikuwa katika hali mbaya na kila mtu alitaka kumsaidia. Lakini katika faili hakikuandikwa kitu kuhusu mpira huo, si sababu yake, si saa uliyowekwa, wala siku utakayotoka. Jumatatu raundi ilipita, ikazungumzia shinikizo la damu na mazoezi ya viungo. Jumatano ilipita tena. Mzee alikuwa ameanza kukaa kitandani na kumwonesha mwanawe kwa mkono wa kushoto kile alichokitaka. Angeweza kabisa kushikiwa kopo la kukojolea. Mpira ulibaki.

Siku ya tisa, usiku, mwanawe alinifuata mezani. "Sista," akasema, "baba tangu jioni anaongea na watu wasiokuwepo." Nilimjibu kwa upole, na kwa makosa, kwamba ubongo wa mzee umeumia na mambo hayo hutokea. Sikumpima joto. Karibu na alfajiri mzee aliuvuta mpira kwa mkono wake mzima, puto likiwa bado limejaa, akatoka damu nyingi. Tulipompima ndipo tukakuta homa kali, mapigo ya moyo ya kasi na shinikizo la damu lililoshuka. Alianzishiwa dawa na dripu. Siku ya kumi na mbili alifariki.

Katika cheti iliandikwa kiharusi. Siwezi kuapa kwamba angepona kama mpira ungetoka Jumatatu. Kiharusi chenyewe huua. Ninachoweza kusema ni kwamba alikuwa akiendelea vizuri hadi maambukizi yalipompata, na kwamba kifo chake hakikuingia katika hesabu yoyote ya madhara ya mpira wa mkojo. Nilipokuwa nikikusanya vitu vyake niligundua jambo jingine. Mwanawe ndiye aliyekuwa akimwaga mkojo wa mfuko kwa siku zote hizo, kwa jagi la plastiki aliloazima kitanda jirani, ambako nako kulikuwa na mgonjwa mwenye mpira. Alifanya hivyo kwa mapenzi na kwa adabu, akililirudisha jagi limesuuzwa. Sisi hatukuwahi kumfundisha.

Kwa nini mpira ulibaki? Kwa sababu haukuwa wa mtu. Dawa ina mwenyewe: daktari huiandika na siku zake, muuguzi huitoa na kutia sahihi. Mpira huwekwa na mtu wa mapokezi, huonekana na kila mtu, na hakuna anayeona kuutoa ni kazi yake. Tatizo hili si la nchi maskini peke yake. Mwaka 2000 Sanjay Saint na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali za Marekani. Waliwauliza madaktari na wanafunzi wa udaktari kama wagonjwa wao walikuwa na mpira wa mkojo. Kwa jumla asilimia 28 ya majibu yalionesha kwamba mhusika hakujua. Kwa wanafunzi ilikuwa asilimia 21. Kwa madaktari waandamizi, wenye kauli ya mwisho juu ya mgonjwa, ikapanda hadi 38. Kadiri cheo kilivyopanda ndivyo shuka la mgonjwa lilivyofunuliwa kwa nadra. Muuguzi ndiye anayelifunua shuka hilo kila siku, na ndiyo sababu ninasema mamlaka yamfuate alipo.

Lipo pia jambo ambalo wauguzi hatupendi kulisema mbele ya watu. Mpira unatupunguzia kazi. Usiku wauguzi wawili wanaweza kuwa na wagonjwa zaidi ya 30, na mgonjwa mwenye mpira haiti, haloweshi shuka, hahitaji kuinuliwa. Ndugu nao hutuomba: "Sista, mwekeeni bibi mpira apumzike, mashuka yameisha." Ombi hilo ni la haki, kwa maana wao ndio wanaoleta mashuka kutoka nyumbani na wao ndio wanaoyafua. Simlaumu mtu anayelitoa. Ninachotaka ni kwamba tuijue bei ya unafuu huo kabla ya kuununua, na kwamba anayeilipa ni bibi aliyelala. Mpira humfunga kitandani kama kamba: mgonjwa aliyeweza kutembea hadi msalani huacha kutembea kwa sababu ya aibu ya mfuko, miguu ikalegea, na mgongo ukapata vidonda. Njia nyingine zipo, na nyingi ni za bei ndogo. Kopo la kukojolea kwa mwanamume, chombo cha haja cha kitandani kwa mwanamke, nepi ya watu wazima inayobadilishwa kwa wakati, kumpeleka mgonjwa msalani kila baada ya saa mbili au tatu kabla hajahitaji, na kwa wanaume, kondomu yenye mrija inayovaliwa nje bila kuingia mwilini. Zote zinahitaji mikono ya watu. Hospitali inayotaka mipira ipungue na haitaki kuongeza mikono hiyo, angalau ya wahudumu wa wodi, inajidanganya.

Sisemi kwamba mpira ni adui. Mkojo unapofunga hakuna dawa ya kumeza itakayoleta nafuu ya haraka kama ile. Mgonjwa mahututi ambaye figo zake lazima zifuatiliwe kila saa anauhitaji. Pia aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, aliyevunjika uti wa mgongo au nyonga asiyeweza kugeuzwa, mwenye kidonda cha makalioni kinacholoweshwa, na yule aliye katika siku zake za mwisho anayeomba asisumbuliwe. Hata hapo, "anauhitaji" si neno la milele. Mfano mzuri unatoka kwetu Afrika. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa fistula ya uzazi huhitaji mpira ili kibofu kilichoshonwa kipumzike, na kwa muda mrefu mazoea yalikuwa kumwachia wiki mbili au zaidi. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi nane za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa wanawake zaidi ya 500 wenye fistula zisizo ngumu. Waliotolewa mpira siku ya 7 hawakupata matokeo mabaya kuliko waliokaa nao siku 14. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza siku 7 hadi 10 kwa wagonjwa wa aina hiyo. Ikiwa hata pale ambapo mpira una kazi nzito kuliko popote siku zake zimeweza kupunguzwa kwa nusu, mzee wangu wa kiharusi alikuwa na haki ya kuulizwa siku ya tatu.

Mpira unapokuwa na kazi, utunzaji wake wote uko mikononi mwa uuguzi. Uwekwe na mtu aliyefunzwa, kwa glavu na vifaa vilivyotakaswa, saizi ndogo inayotosha, kisha ufungwe pajani kwa plasta ili usivutwe kila mgonjwa anapojigeuza. Haya yamo katika kila kitabu cha mafunzo na sitayarudia. Nataka kukaa zaidi kwenye mambo ambayo vitabu huyataja kwa mstari mmoja na wodi huyasahau kwa mwaka mzima.

La kwanza ni machela. Mgonjwa anapelekwa eksirei au chumba cha upasuaji. Mfuko unachomolewa kwenye ndoano na kuwekwa juu ya tumbo lake, au katikati ya mapaja, ili usiburutwe. Katika dakika hizo za safari ya korido, mkojo uliolala mfukoni saa nyingi, pamoja na kila kilichoota ndani yake, unarudi kibofuni. Mfuko umwagwe kabla ya safari, utundikwe upande wa machela chini ya kiuno, na mrija usijikunje. Wagonjwa wanaotembea nao hufanya kosa hilo hilo kwa sababu inayoeleweka: wanauficha mfuko ndani ya khanga au koti, juu, karibu na kifua, ili watu wasiuone. Mwambie mama huyo kwamba anaweza kuuficha vilevile ukiwa chini, ndani ya mfuko wa kitambaa unaoning'inia usawa wa goti. Heshima yake inalindwa, na kibofu chake pia.

La pili ni lile jagi. Kila mgonjwa awe na chombo chake cha kumwagia mkojo, chenye namba ya kitanda chake. Mdomo wa mfuko usiguse chombo. Anayemwaga anawe kabla na baada, hata kama atavaa glavu, na asiende kitanda cha pili kwa glavu zile zile. Wodini kwetu anayemwaga mara nyingi ni ndugu, basi ndugu afundishwe siku ile ile mpira unapowekwa, na aoneshwe kwa vitendo. Mfuko umwagwe kabla haujajaa, ukifika theluthi mbili.

La tatu, maungio yasifunguliwe. Ukitaka mkojo wa maabara, uvutwe kwa sindano kwenye sehemu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo baada ya kuisafisha, na usichukuliwe mfukoni. Wapo wanaomimina dawa za kuua vijidudu ndani ya mfuko, wapo wanaosuuza kibofu kila siku, wapo wanaobadilisha mpira kila wiki kwa kalenda. Nia ni njema, lakini mazoea hayo hayapunguzi maambukizi, na kila kufungua ni kualika. Kwa usafi wa sehemu za siri, sabuni ya kawaida na maji wakati wa kuoga vinatosha, mwanamke akisafishwa kutoka mbele kwenda nyuma, na pia kila baada ya haja kubwa.

Kisha kuna suala la dawa. Mitaani siku hizi kila maumivu ya kiuno yanaitwa UTI, na dawa zikishindwa huitwa "UTI sugu". Hospitalini nasi tuna mchango katika usugu huo. Mkojo wa mgonjwa mwenye mpira ukinuka au ukiwa na ukungu, mtu huagiza kuoteshwa, bakteria huota, kwa sababu kwenye mpira wa wiki mbili bakteria wapo, antibiotiki huandikwa, na mgonjwa ambaye hakuwa na homa wala maumivu hupewa dawa ambayo haitaubandua utando ila itawafundisha bakteria kuishi nayo. Ukimwondoa mjamzito, na anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, bakteria katika mkojo bila dalili si sababu ya kutibu. Dalili ni homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au chini ya kitovu, na kwa wazee kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoambatana na homa au shinikizo la damu kushuka. Hapo usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Na ikiwa mpira umekaa zaidi ya wiki mbili na bado unahitajika, ubadilishwe kwanza, mkojo wa kuotesha uchukuliwe kwenye mpira mpya, ndipo dawa ianze.

Sasa nirudi kwenye mamlaka. Pendekezo langu ni dogo: wodi ikubaliane na madaktari wake orodha fupi ya sababu za mpira kubaki, iwekwe katika chati iliyo miguuni pa kitanda, na kila zamu ya asubuhi muuguzi aandike sababu ya siku hiyo. Ikikosekana sababu, autoe, kisha amjulishe daktari. Asisubiri raundi. Mgonjwa ambaye daktari wa upasuaji anataka mpira wake usiguswe, iandikwe wazi "usitolewe bila kibali", na tarehe.

Madaktari wenzetu wana hofu mbili. Ya kwanza, kwamba muuguzi atautoa isivyopasa. Orodha na maandishi ya "usitolewe" yanaijibu. Ya pili, kwamba mkojo utafunga tena, na hiyo ni hofu ya kweli. Kwa hiyo kuutoa mpira si mwisho wa kazi. Mgonjwa afuatiliwe, akojoe ndani ya saa 4 hadi 6, kiasi kipimwe na kuandikwa. Asipokojoa, kibofu kipapaswe, na ikibidi atolewe mkojo kwa mrija wa mara moja badala ya kurudishiwa wa kudumu papo hapo.

Ushahidi upo. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba mifumo ya kukumbushana, na ile inayoruhusu mpira utolewe bila kusubiri amri mpya, ilipunguza kiwango cha maambukizi haya kwa zaidi ya nusu, asilimia 52. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya mpango uliohusisha hospitali 603 za Marekani: katika wodi za kawaida maambukizi yalishuka kwa asilimia 32. Katika vyumba vya wagonjwa mahututi hayakushuka kwa kiasi cha kuonekana, na nalisema hilo ili nisiuze dawa ya kila ugonjwa. Hospitali zile zina vifaa vingi kuliko zetu. Lakini kilicholeta tofauti katika mipango ya namna hii, kwa sehemu kubwa, ni watu kuuliza swali moja kila siku, na swali haliagizwi bohari ya dawa.

Kwa wagonjwa na ndugu, hasa wanaume wanaorudi nyumbani na mpira wakisubiri upasuaji wa tezi dume, nina ombi. Msiondoke hospitali bila tarehe iliyoandikwa ya kurudi kubadilishiwa au kutolewa. Kunyweni maji ya kutosha, isipokuwa daktari amewawekea kiasi. Mkiona homa, damu nyingi, au mkojo umeacha kutoka ilhali tumbo limejaa, njooni siku hiyo hiyo. Msianze kwa duka la dawa. Na mgonjwa aliyelazwa, akiuliza "Sista, mpira huu unatoka lini?", hajavunja adabu. Sista asiyekuwa na jibu aende akalitafute.

Mwaka jana nilimpeleka mwanafunzi wa mwaka wa pili kushuhudia makabidhiano ya zamu. Walipofika kitanda namba 7, mama mmoja aliyelazwa kwa homa ya mapafu na sasa akiendelea vizuri, binti yule akauliza kwa sauti ndogo mpira ule una kazi gani leo. Muuguzi wa usiku alisema walimkuta nao. Mkuu wa zamu akafungua faili, akageuza kurasa mbili, akalifunga, akaenda kunawa mikono. Mpira ulitoka saa moja kasoro robo. Saa nne asubuhi mama alishikwa mkono hadi msalani, akakojoa mwenyewe mililita 300, na mwanafunzi akaandika kwenye chati.